Tuma Linki, Usitume Faili

Ukishajulikana unaandika vizuri na simu yako haizimiki ovyo, kila harusi ya ukoo katibu ni wewe. Mwenyekiti anashika maikrofoni, mweka hazina anashika fedha, mimi nashika orodha: jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki.

Desturi ya grupu la WhatsApp unaijua. Aliyetoa mchango anainakili orodha nzima, anajiongeza chini, anaibandika upya. Wawili wakifanya hivyo kwa dakika moja zinazaliwa orodha mbili, na kila moja imemwacha mtu. Mjomba aliyetoa laki mbili akijikosa humo, utamweleza nini? Faili ya Word au PDF nayo haisaidii: aliyeipakua Jumanne anabaki na hesabu za Jumanne, hata kama wewe umesharekebisha Alhamisi.

Kinachofaa ni ukurasa mmoja wenye anwani moja. Ukiurekebisha, kila anayeufungua anaona cha leo. Na huhitaji tovuti yako wala fundi wa kumlipa. Mimi hutumia Rentry: unaifungua kwenye simu, unaandika, unachagua anwani na msimbo wa kuhariri, basi. Hakuna kujisajili. Msimbo huo mpe na mweka hazina, maana ukipotea na orodha imeganda. Telegraph, ambayo Telegram waliitoa mwaka 2016, ni nyepesi zaidi, ila inakutambua kwa kivinjari ulichoandikia. Ukifuta data zake, huenda usiweze kurekebisha tena. Ninaiachia maelezo ya kufika ukumbini.

Rentry inasoma alama za Markdown. Mmarekani John Gruber alizitoa mwaka 2004, akisaidiwa na Aaron Swartz, kijana aliyekuwa na miaka 17. Walitaka andishi lisomeke vizuri hata kabla kompyuta haijalipamba, na mengi waliyachukua kwenye namna watu walivyokuwa tayari wanaandika barua pepe. Alama ya reli mwanzoni mwa mstari, kisha nafasi, inatoa kichwa cha habari. Kistari na nafasi vinatoa orodha. Nyota mbili kila upande zinakoleza neno. Nasisitiza mbili, kwa sababu WhatsApp imetuzoesha moja, na huku nyota moja inalaza herufi tu. Majedwali yapo pia, lakini kuyachora kwa kidole gumba ni adhabu. Orodha ya vistari inatosha kabisa kwa kamati.

Google Docs ina uwezo mkubwa kuliko hizi zote, na wajumbe wanaweza kuandika pamoja. Mwenye hati anahitaji akaunti; wanaotazama tu hawahitaji. Ila unapotoa linki, wape wengine ruhusa ya kutazama, si ya kuhariri, la sivyo shangazi mmoja atafuta nusu ya wachangiaji akitafuta jina lake.

Kumbuka pia kwamba linki haina mlinzi. Itatoka kwenye grupu lenu iende grupu la kanisa, la kazini, la mtaa, na yeyote aliyeipata ataisoma. Kwangu huwekwa jina la kwanza na kiasi kilichotolewa. Namba za simu na akaunti ya benki hazikanyagi pale, na madeni ya ahadi tunaambiana pembeni.

Bibi, mwenye simu yake ya kitochi, bado nampigia kumsomea. Huwa hasubiri nifike mwisho. Anataka kwanza aambiwe nani hajatoa.