Orodha Ndefu katika Kiwambo Kifupi: Upakiaji na Ufunuaji wa Rekodi katika Kompyuta za Ofisi

Kiwambo cha maandishi kilichoenea katika ofisi za biashara tangu miaka ya 1970 kina mistari 24, na kila mstari una nafasi 80 za herufi. Jumla yake ni herufi 1,920. Ukiondoa kichwa cha fomu, maelekezo ya vibonye na mstari wa ujumbe, hubaki mistari 12 hadi 15 hivi ya orodha yenyewe. Katika tundu hilo dogo karani wa benki, bima au bohari hutakiwa kuchungulia wateja au bidhaa ambazo huenda zikafika 40,000. Kwa mistari 12 kila mara, orodha hiyo ni kurasa 3,334. Hakuna karani atakayezifunua zote huku mteja amesimama dirishani, na hapo ndipo utaratibu wa upakiaji unapokuwa jambo la haki ya mtu, si la ufundi tu.

Mfano ulio bora ni ule wa kompyuta ya AS/400, iliyotangazwa na kampuni ya IBM mwezi Juni 1988, na ambayo mfumo wake tangu 2008 unaitwa IBM i. Viwambo vyake ni vya jamii ya 5250, iliyoanza mwaka 1977. Mfumo huo ungali unatumika, ingawa kiwambo chenyewe siku hizi aghalabu ni dirisha tu ndani ya kompyuta ya kawaida. Sifa yake kuu ni kwamba kiwambo na kompyuta kuu haviongei herufi kwa herufi. Kompyuta hutuma fomu nzima kwa mkupuo. Karani huijaza kimya kimya. Kisha hubonyeza kibonye na fomu yote hurudi. Kwa hiyo kila kufunua ukurasa kwaweza kuwa safari nzima ya kwenda na kurudi.

Ili kuonyesha orodha, programu hujaza kwanza chombo cha muda kiitwacho sabufaili. Hiki ni kama sinia: mhudumu huchota chakula jikoni, akakipanga siniani, ndipo akakipeleka barazani. Faili kuu ni jiko, sabufaili ni sinia, na kiwambo ni baraza. Mtunzi wa programu ana njia tatu za kupakia sinia hilo. Ya kwanza ni kupakia rekodi zote kabla karani hajaona chochote. Njia hii ni nyepesi kuandika, na baada ya hapo mfumo wenyewe hushughulikia ufunuaji wa kurasa bila kuisumbua programu. Lakini orodha ikiwa ndefu karani hukodolea macho kiwambo kitupu wakati maelfu ya rekodi yanasomwa, na pengine alihitaji moja tu iliyo mwanzoni. Ya pili ni kupakia ukurasa mmoja, kisha kuongeza mwingine kila karani anapofika ukingoni. Kurudi nyuma hufanywa na mfumo, kusonga mbele hufanywa na programu. Ya tatu ni kushika ukurasa mmoja tu wakati wote, kuufuta na kuujaza upya kwa kila hatua, mbele au nyuma. Hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kuandika, na ndiyo inayoifaa orodha kubwa.

Sababu mojawapo ya kuipendelea ni kwamba sabufaili ina kikomo: haibebi zaidi ya rekodi 9,999. Programu iliyoandikwa wakati ofisi ina wateja 3,000 hufanya kazi vizuri kwa miaka mingi, hadi siku mteja wa 10,000 anaposajiliwa. Kama mtunzi hakujihadhari, programu huanguka, na heri ianguke, maana kosa litaonekana. Balaa kubwa zaidi ni pale mtunzi alipoweka sharti la kuacha kusoma idadi hiyo inapotimia, bila kumwarifu mtu. Pembeni chini kwa kawaida huandikwa neno la kuonyesha kuwa bado kuna zaidi, au neno la kuonyesha kuwa orodha imefika mwisho. Programu ya namna hiyo huandika kwamba ni mwisho. Karani, ambaye hana sababu ya kukishuku kiwambo, humwambia mstaafu aliye mbele yake kwamba jina lake halimo.

Kosa la pili limejificha zaidi, na lahusu majina. Katika njia ya kushika ukurasa mmoja, programu hukumbuka ufunguo wa rekodi iliyo mstari wa mwisho, na ukurasa ufuatao huanza na rekodi iliyo mbele ya ufunguo huo. Iwapo ufunguo ni jina peke yake, na mstari wa mwisho una Fatuma Ali, programu itaruka hadi jina linalofuata Fatuma Ali. Kina Fatuma Ali wengine wote, wawe wawili au ishirini, hawataonekana katika ukurasa wowote. Ikiamriwa ianze na jina lile lile badala ya lifuatalo, basi itawarudia waliokwisha kuonekana, na wakizidi mistari ya kiwambo orodha haitasonga kamwe. Katika jamii ambamo majina machache hubebwa na watu wengi, kama ilivyo kwa Waswahili, jambo hili si la nadra. Dawa yake ni kuuunganisha ufunguo: jina likifuatwa na namba ya usajili, ili pasiwe na rekodi mbili zinazofanana.

Wanakili wa miswada ya Kiarabu waliijua hadhari hii zamani sana. Chini ya ukurasa waliandika neno la kwanza la ukurasa ufuatao, ili karatasi zikitawanyika zipangike tena.

Kwa anayetafuta istilahi, vibonye vya ufunuaji vina mtego wake. Kibodi za zamani za 5250 zina kibonye cha kuviringisha juu. Kibodi za kompyuta ndogo zina cha kushuka ukurasa. Vyote viwili huleta rekodi zinazofuata! Cha kwanza huitazama karatasi, ambayo hupanda. Cha pili hulitazama jicho, ambalo hushuka. Tafsiri ya neno kwa neno humpotosha karani, na “mbele” na “nyuma” yanatosha kabisa.

Hata hivyo, karani mzoefu hafunui kurasa. Huandika herufi za mwanzo katika nafasi iliyo juu ya orodha, na orodha ikaanzia hapo. Utaratibu huu ulibuniwa kwa lugha ambazo maneno yake hutofautiana tangu mwanzoni. Orodha ya kazi kwa Kiswahili hurundikana mahali pamoja: mhasibu, mhandisi, mkunga, mpishi, mwalimu, mwashi. Majina ya pwani nayo yana Mwanaidi, Mwanahamisi, Mwanaisha na Mwanakombo, ambapo herufi tano za kwanza hazitenganishi kitu. Tena aliyeandika “walimu” badala ya “mwalimu” ameipeleka rekodi mbali, kwenye W.

Watunga kamusi walikabili suala hilo hilo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliyaweka maneno mengi chini ya mzizi wa kitenzi, hivyo msomi akatafutwa kwenye soma; Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ilimpeleka kwenye M, alikozoea kumtafuta msomaji wa kawaida. Programu haina haja ya kuchagua upande mmoja. Yaweza kuhifadhi safu mbili, moja ya neno kamili na nyingine ya shina lisilo na kiambishi, kila moja na faharasa yake, na karani akaandika “alimu” au “mwalimu” akafika pale pale. Gharama yake ni nafasi kidogo ya diski na kazi ya mtu anayejua ngeli za Kiswahili kuketi na mtunzi wa programu kabla faili halijaundwa, maana likishajaa rekodi 40,000 kuongeza safu ya mashina ni kazi ya kupitia kila mstari kwa mkono.