Kizuri Hakikujiuza

Wahenga walituachia kauli kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali ambayo walimu huifunza na wanafunzi huikariri bila ya kuitilia shaka. Katika uwanja wa sanaa, hata hivyo, historia ina ushahidi wa kuipinga. Ushahidi mmojawapo ni maisha ya Linda Perhacs, mwanamuziki wa Marekani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Perhacs alikuwa mhudumu wa kusafisha meno mjini Beverly Hills, California. Miongoni mwa aliowahudumia alikuwamo Leonard Rosenman, mtunzi mashuhuri wa muziki wa filamu. Katika mazungumzo yao, Rosenman alikuja kugundua kwamba bibi huyu alikuwa akitunga nyimbo. Alizisikiliza, akampeleka studioni. Tunda la kazi hiyo ni albamu ya Parallelograms, iliyotolewa na kampuni ya Kapp mwaka 1970.

Jina hilo ni istilahi ya jiometri, ambayo kwa Kiswahili ni misambamba. Katika wimbo wenye jina hilo, Perhacs aliyachukua majina ya maumbo, yale yale yanayowachosha wanafunzi darasani, akayaimba kwa ajili ya mlio wake tu. Sauti yake ilirekodiwa mara kadhaa na kupangwa tabaka juu ya tabaka. Katikati ya wimbo mahadhi hupotea, ikazuka milio ya kielektroniki, kisha wimbo hurejea ulikotoka. Isitoshe, wazo la wimbo huo lilimjia kwanza kama mwanga na maumbo, naye akalichora kwenye karatasi kabla ya kulirekodi. Kwa mwanaisimu, hapa pana somo: neno hubeba maana, lakini lina sauti pia, na sauti hiyo yaweza kutufurahisha hata pale maana inapokaa kando. Malenga wetu, waliohangaikia vina na mizani, hawakuhitaji kuambiwa hivyo.

Mbona basi hakujulikana? Si kwamba umma uliusikia muziki huo ukaukataa. Wengi hawakuusikia kamwe. Albamu haikutangazwa ipasavyo. La kusikitisha zaidi, sahani zenyewe zilitengenezwa vibaya, hata sauti nyembamba na nzito zikapotea. Mwenyewe amesimulia kwamba aliposikiliza nakala yake, aliitupa. Akarejea kwenye kazi yake ya meno, na miaka ikapita.

Mwaka 1998, Michael Piper, mpenzi wa muziki aliyekuwa amemtafuta bila ya mafanikio, aliitoa albamu hiyo upya kwa kunakili sahani kuukuu. Hatimaye alimpata, na kumbe bibi alikuwa amezihifadhi kanda za awali! Toleo lililofuata likatokana na kanda hizo, na wasikilizaji wakausikia muziki jinsi alivyoukusudia. Mwaka 2006, wanamuziki wa Ufaransa, Daft Punk, waliutumia wimbo wake katika filamu yao Electroma. Mwaka 2014, akiwa amekwisha kutimu miaka 70, Perhacs alitoa albamu ya pili, The Soul of All Natural Things, miaka 44 baada ya ile ya kwanza.

Yamkini methali yetu inahitaji nyongeza: kizuri hujiuza pale tu kinapofikishwa sokoni kikiwa kizima. Vitabu na silabasi tunazofundishia hutokana na kile kilichohifadhiwa, na aghalabu kilichohifadhiwa ni kile kilichotangazwa. Kutotajwa kwa msanii si hukumu juu ya kazi yake.

Kwa hivyo, mwanafunzi anayeikuta kanda au sahani kuukuu kabatini mwa nyanya yake asiitupe. Aisikilize, amwulize nyanya aliyeimba ni nani, kisha aandike jina hilo na mwaka juu ya jalada. Naye mwalimu aihesabu kazi hiyo kuwa utafiti.