Kusikiliza Nako Kunakula Betri: Utangulizi

Umeme wa Unguja huvuka bahari kwa kebo kutoka Bara, lakini haushuki ndani ya pango la matumbawe la Mangapwani. Tuseme tunataka kujua chumvi inavyopenya kwenye maji ya pango hilo na ya visima jirani. Tutatega vihisi, kila kimoja na redio yake ndogo na betri mbili za tochi, vipokezane taarifa hadi kwenye kompyuta kijijini. Nani atateremka kila wiki kubadilisha betri? Taaluma ninayomkaribishia msomaji, ile ya mitandao ya vihisi vyenye redio, imezaliwa na swali hilo.

Mgeni hudhani kupima ndiko kunakokula umeme. Kwa kihisi cha aina hii, mlafi ni redio, na si inaposema tu. Redio ya CC2420, iliyotumika sana kwenye majaribio ya miaka ya 2000, hunyonya miliampea 17.4 ikirusha kwa nguvu zake zote, ikisikiliza, 18.8. Kungojea jirani aseme ni ghali kuliko kusema! Redio ikisikiliza bila kulala, betri za miliampea-saa 2,500 zitakwisha kwa siku tano na nusu. Redio hiyo ikiwa macho asilimia 1 tu ya muda, hesabu inafika mwaka mmoja na nusu, ingawa betri nazo hujichakaza zenyewe.

Basi ufundi wote ni kulala bila kupoteana. Watafiti Ye, Heidemann na Estrin walipendekeza utaratibu wa S-MAC mwaka 2002: majirani walale na kuamka kwa ratiba moja. B-MAC ya 2004 iliacha ratiba. Kila mmoja huchungulia hewani kidogo kisha hulala, na mwenye ujumbe hutanguliza mlio mrefu wa kumwamsha mwenzake. Gharama imehamia kwa msemaji, na mimi naona ni haki, maana husema mara chache.

Kulala huchelewesha taarifa, lakini si kila kazi ina haraka. Huko Mpala, Laikipia, nchini Kenya, watafiti wa Princeton waliwavisha punda milia kola za ZebraNet mwaka 2004. Kola zilipeana data wanyama walipokutana, na gari la watafiti likaikusanya data hiyo baadaye. Kuchelewa hakukuharibu kitu. Maji ya Mangapwani nayo hufuata bamvua na masika; kuyapima kila sekunde ni israfu.

Ugumu uko kwenye saa, maana wanaolala kwa ratiba lazima waafikiane wakati wa kuamka. Fuwele ya bei nafuu inayoendesha saa ya kihisi huweza kupotea sekunde mbili kwa siku, na ya jirani ikapotea upande wa pili. Kuzilinganisha kunahitaji ujumbe, na ujumbe unahitaji redio.