Waliojitolea na Waliopigiwa Kura

Mwaka 2019 idara ya magereza ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, iliwapeleka maofisa na askari wake Skandinavia wakaone wenzao wanavyofanya kazi. Walitakiwa warudi waanzishe bweni la mfano katika gereza la Chester, karibu na Philadelphia. Mara UVIKO-19 ikaingia, na bweni halikufunguliwa rasmi hadi Mei 2022. Muda wote huo, watu waliofundishwa kuketi na mfungwa na kumsikiliza walikuwa kwenye magereza ambako kazi kubwa ilikuwa kumfungia mfungwa ndani asiambukizwe. Mafunzo yasiyopata kazi ya kuyatumia huchuja, na ratiba ya mradi aghalabu haina safu ya kuandika hilo.

Bweni lenyewe linaitwa Little Scandinavia. Wapiga picha huvutiwa na matangi ya samaki na jiko ambamo mfungwa hujipikia vyakula alivyoagiza dukani. Hayo yananunulika. Mimi navutiwa zaidi na hesabu. Katika bweni la kawaida la Chester askari mmoja huangalia wafungwa 128, wawili wawili seli. Humu kila mtu ana seli yake, wako 64, na kila wafungwa 8 wana askari mmoja. Mwenye watu 128 huhesabu vichwa, afunge, afungue, ahesabu tena. Mwenye wanane atagundua kwamba fulani hajagusa chakula tangu juzi, hata kama hakuhudhuria semina yoyote.

Sisemi mafunzo ni bure. Norway, askari magereza husoma miaka miwili huku analipwa, kisha hukabidhiwa wafungwa wachache ambao yeye ndiye mtu wao: masomo, familia, pa kuishi siku ya kutoka. Marekani kuruta huingia kazini baada ya wiki kadhaa tu. Hata jengo hushiriki kufundisha. Katika gereza la Halden, huko huko Norway, lililofunguliwa 2010, vyumba vya askari vilijengwa vidogo makusudi ili visikalike, mtu atoke akae na wafungwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel na cha Oslo wamelifuatilia bweni la Chester tangu mwanzo. Wafungwa sita wa kifungo cha maisha walitangulia kuingia ili wawe wenyeji, waliofuata wakapatikana kwa kura ya bahati nasibu, jambo zuri maana hakuna wa kusema waliokotwa wapole. Askari, kwa upande wao, walijitolea. Hapo ndipo ninapokwama. Bweni hili linaweza kutuonyesha mengi kuhusu mfungwa yeyote, lakini kuhusu askari linatuonyesha yule aliyekwisha kukubali. Yuko askari mwingine, mkongwe, aliyewahi kumwona mwenzake akichomwa kisu, ambaye akisikia habari za utamaduni mpya kazini anaelewa kwamba anaambiwa amchekee aliyemchoma. Tena ndiye kuruta anayemwuliza usiku wa kwanza, mambo hapa yanakwendaje.

Amend, mpango wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, unaofanya kazi ya namna hii Oregon na kwingineko, huizungumzia pia afya ya askari mwenyewe, na nadhani huo ndio mlango mkongwe yule anaoweza kuupitia. Hataki kuhubiriwa kuhusu wafungwa, lakini anajua anarudi nyumbani akiwa mtu wa namna gani.

Kulieneza jambo hili gereza zima ni hesabu nyingine. Kila bweni lenye askari mmoja lipate wanane, na wafungwa 64 wanaoondolewa watafutiwe pa kulala. Majimbo mengi huko yanahangaika kujaza hata nafasi za askari zilizopo. Zamu ya usiku ikipungukiwa mtu, mkuu wa gereza atamtoa wapi wa kuziba pengo, kama si kwenye bweni lenye wanane?