Viza ya Mpango wa Utamaduni (Sehemu ya Pili): Jina Moja, Karatasi Nyingi

Juma lililopita tuliishia pale kijana alipopokea barua ya kukubaliwa. Shangwe ya siku hiyo ni haki yake, lakini barua ile haimvushi mtu mpaka. Anayeiandika ni shirika au chuo. Anayetoa viza ni serikali, nayo hailazimiki kukubali kwa kuwa shirika limekubali. Chukua mpango wa weltwärts wa Ujerumani. Ulianza mwaka 2008 kwa kuleta vijana wa Kijerumani kujitolea katika nchi kama yetu, na miaka michache baadaye vijana wa Kitanzania nao wakaanza kwenda kule kujitolea. Kijana anayekwenda kwa mwaka mzima haombi viza ya Schengen, maana hiyo humruhusu kukaa siku 90 tu katika kila siku 180. Anaomba viza ya taifa, na maombi yake huenda yakapelekwa hadi kwenye ofisi ya wageni ya mji anaokwenda kuishi. Ndiyo maana majibu huchukua wiki nyingi, na anayekwenda ubalozini mwezi mmoja kabla ya safari amekwisha kuchelewa.

Lakini kabla ya viza kuna pasipoti, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi za watoto wa Tabora hukwama bila ubalozi wowote kuhusika.

Idara ya Uhamiaji inataka cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, cheti cha mzazi au hati ya kiapo ya kuzaliwa kwake, kitambulisho cha NIDA, picha na ushahidi wa safari. Ada ni shilingi 150,000. Fomu hujazwa kwa mtandao, kisha mwombaji huipeleka mwenyewe ofisini pamoja na karatasi zake. Hayo si magumu. Ugumu ni jina.

Mtoto wa Kinyamwezi aliyezaliwa pacha huitwa Kulwa au Doto, anayewafuata huitwa Shija, na jina hilo ndilo nyumba nzima inalolijua. Akibatizwa hupata jina la pili. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza mwalimu huuliza jina la baba, na aliyempeleka mtoto, pengine mjomba au bibi, hutaja jina la babu kwa kuwa ndilo la ukoo. Miaka inapita. Cheti cha kidato cha nne kinatoka na majina matatu, NIDA ina mawili kati ya hayo na moja jipya, na cheti cha kuzaliwa, kilichotafutwa ukubwani, kina herufi iliyoongezeka. Nyumbani wote wanajua kuwa ni mtu mmoja. Ofisa aliyeko Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800 kwa reli, anaona watu watatu.

Dawa ipo, ila inataka muda. Zipangeni karatasi zote mezani mzisome herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa ikiwemo. Cheti cha shule ndicho kigumu kuliko vyote kubadilishwa baada ya mtihani, kwa hiyo mara nyingi busara ni kurekebisha vingine vikifuate hicho. Tofauti ndogo huweza kuelezwa kwa kiapo mbele ya wakili. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Wazazi, msingoje barua ya ng'ambo ndipo muanze. Mtoto akiwa kidato cha kwanza si mapema mno.

Karatasi zikikaa sawa, kinabaki kile ambacho ofisa wa viza anakitafuta hasa: je, huyu atarudi? Wamarekani wameliandika waziwazi katika sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b): anayeomba viza ya matembezi au ya kubadilishana huhesabiwa kuwa anataka kuhamia moja kwa moja, mpaka amridhishe ofisa kuwa sivyo. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwombaji. Viza yao ya mipango hii ni ya kundi la J, na kwa miaka mingi imewapeleka huko wanafunzi wetu wa sekondari na walimu vijana wa Kiswahili. Tangu tarehe 1 Januari 2026 viza za kundi hilo zimesitishwa kwa Watanzania kwa tangazo la rais wa nchi hiyo, na sababu mojawapo iliyotajwa ni wageni waliobaki baada ya muda wao kwisha. Jambo hili linaniuma. Kijana mwaminifu wa Cheyo, hapa Tabora, analipishwa deni la mtu asiyemjua. Hata hivyo, ajue linatoka wapi, asidhani ni yeye aliyekataliwa.

Wala si jambo jipya kwamba karatasi ya safari humpima mtu kwa macho ya siasa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora School kuanzia mwaka 1937 na kufundisha St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, alipokwenda New York Machi 1955 kuisemea Tanganyika, viza yake ilimfunga kukaa jirani na Umoja wa Mataifa na kuondoka mara baada ya kusema yake. Miaka hamsini nyuma yake, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyeijua njia ya misafara, alikuwa ametoka Berlin, alikofundisha Kiswahili tangu mwaka 1900. Alikuwa akirejea na mke wake Mjerumani, na serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka Dar es Salaam. Mtu alizuiwa kuingia kwao. Alirudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927.

Sasa turudi kwenye dirisha la leo. Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, Dar es Salaam, kwenye Mtaa wa Mirambo, jina la mtemi wa Wanyamwezi ambaye mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa. Nenda na mkataba wa mpango unaoonyesha nani analipia chumba, chakula, bima ya afya na posho. Usikariri majibu. Jua jina la mji unaokwenda, kazi utakayofanya asubuhi na watu utakaoishi nao. Ukiulizwa utafanya nini ukirudi, taja jambo lenye mahali na watu: chuo ulichoahirisha, kazi inayokusubiri, kikundi cha ngoma unachokiongoza. Na wakimbie vishoka wanaouza taarifa za benki na barua za ajira. Viza iliyokataliwa kwa upungufu huombwa tena. Aliyekamatwa na karatasi ya uongo, kwa sheria ya Marekani, anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote.

Juma lijalo nitaeleza la kufanya ukinyimwa: namna ya kuisoma barua ya kukataliwa, na lini inafaa kuomba upya.