Kabla ya Tiketi, Tazama Mwezi

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu Jambiani, Unguja, nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa bahari. Vyumba nilishalipia, tiketi za feri nilishakata, na ngalawa niliiagizia kwa simu kupitia mtu wa kati: saa nne asubuhi, watu watano, hadi mwambani na kurudi. Saa nne ilipofika tukateremka ufukweni, watoto wameshavaa nguo zao za kuogelea, na bahari hatukuiona. Mbele yetu palikuwa na mchanga mweupe uliolowa, vidimbwi, majani ya baharini yaliyolala chini, na mbali kabisa ule mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjikia mwambani. Ngalawa yetu ilikuwa pale pale, imelalia mrengu wake mmoja juu ya mchanga mkavu.

Nahodha alikuwa amekaa chini ya mnazi akishona tanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema hivi?"

Nikamweleza kuwa tumeambiwa saa nne. Akatazama kule mwambani, kisha akanitazama mimi. "Aliyekwambia saa nne hakutazama mwezi. Leo mwezi kumi na sita, bamvua. Maji yatakuja kututoa hapa kwenye saa tisa. Wachukue watoto ukawaoneshe mwani, kisha mrudi."

Tulikuwa na siku tatu tu za ufukweni, na nusu ya siku ya kwanza ilikuwa imekwisha kabla sijaelewa nini kimenipata. Tangu hapo, kila ninapoombwa ushauri na mtu wa Dodoma, Kampala au Nairobi anayetaka kuipeleka familia visiwani, namwuliza swali moja kabla ya hoteli na kabla ya bei: unakwenda mwezi ngapi? Simaanishi Juni au Desemba peke yake. Namaanisha pia mwezi wa angani.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika chache. Kwa kuwa mwezi huchelewa kurudi mahali pake, kila siku maji nayo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huwa kwenye mstari mmoja na dunia, mvuto wao hujumlishana, na ndipo linapokuja bamvua: maji hupanda sana na hushuka sana, tofauti ikifikia karibu mita 4 pale Unguja. Mwezi unapokuwa nusu, jua huvuta huku na mwezi huvuta kule, basi tofauti hupungua hadi mita 1 au kidogo zaidi. Hayo ndiyo maji mafu. Bamvua halifiki kileleni siku ile ile ya mwezi mpevu, bali siku moja au mbili baadaye. Ndiyo maana mwezi kumi na sita ulinikuta bila maji.

Mita 4 si nyingi ukizipima ukutani. Lakini pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje, Jambiani na Makunduchi, kati ya ufukwe na mwamba ni uwanda wa karibu bapa. Maji yakishuka mita 4 kwenye uwanda huo, hurudi nyuma hata kilomita nzima. Picha za matangazo hupigwa maji yakiwa yamejaa, na mgeni huja akidhani bahari ya kwenye picha imekaa pale siku nzima.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa pwani hulijua bila kulifikiria, na ambalo kwangu mimi ni ufunguo wa mpango mzima. Kwenye mwambao wetu, bamvua hushika saa zile zile. Siku za bamvua maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja na kitu, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa nne na saa tano na kitu, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi kabla ya adhuhuri na kupwa jioni. Kwa hiyo mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana ratiba ya bahari mkononi. Kuanzia mwezi mosi hadi wa tatu, na kuanzia kumi na nne hadi kumi na saba, asubuhi ni ya kutembea na jioni ni ya kuogelea. Mwezi nane na tisa, au ishirini na mbili na ishirini na tatu, asubuhi ni ya kuogelea. Kuandama kwa mwezi kunaweza kupishana siku moja, basi hakikisha kwa jedwali la kupwa na kujaa linalotolewa na mamlaka ya bandari, au mwulize mvuvi yeyote. Hatakukosesha.

Usidhani maji yakipwa siku imeharibika. Asubuhi ile wanangu waliona mambo ambayo hakuna hoteli inayoyauza. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, hapo Paje na Jambiani, na tangu hapo wakulima wengi wamekuwa wanawake. Kazi yao hufuata bamvua, maana ndipo shamba linapofikika kwa miguu. Tulimkuta mama mmoja amekaa ndani ya maji ya kiunoni, kanga imefungwa kifuani, kamba ndefu imekazwa kati ya vigingi viwili, na kwenye kamba vichane vya mwani vimefungwa kwa vikamba vyembamba, kila kimoja umbali wa kiganja na mwenzake. Alimpa binti yangu kichane kimoja akifunge. Alipokifunga vibaya, mama alikifungua bila neno, akamshika vidole, akamwonesha tena. Alitueleza kuwa kuna mwani wa bei nzuri, ule mnene, lakini maji ya vina vifupi yamekuwa ya moto na mwani ule hufa, basi wengi wamebaki na huu mwembamba wenye bei ndogo. Ukienda huko, pita kando ya kamba, usizivuke, na usipige picha kabla hujaomba. Vaa viatu vya raba, kwani kwenye majani hujificha wale wadudu weusi wenye miiba mirefu.

Mwezi umekwisha, sasa upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi, na huja na joto na anga safi. Kusi hushika nafasi yake kuanzia Aprili, huwa na nguvu zaidi Juni hadi Agosti, na huleta ubaridi mzuri wa usiku. Kati ya hizo mbili, Septemba hadi Novemba, bahari hutulia na maji huwa maangavu, ingawa mvua za vuli zinaweza kukuta kuelekea Novemba na Desemba. Masika ya Aprili na Mei ni mvua kweli kweli. Hoteli nyingi za ufukweni hufunga, na mimi simshauri mtu mwenye siku tano tu za likizo aende wakati huo, hata bei zikiwa nusu. Pepo hizo mbili ndizo zilizoleta majahazi ya Oman na Ghuba Unguja na kuyarudisha kwao karne kwa karne: kaskazi ya kuja, kusi ya kurudi. Nahodha wa zama hizo hakuamua siku ya kuondoka kwa matakwa yake.

Kwa likizo, swali la upepo ni hili: upande gani wa kisiwa umekingwa? Wakati wa kusi, Paje na Jambiani hupigwa sawasawa. Vijana wa kuteleza juu ya maji kwa tiara kubwa hufurahi, lakini mama mwenye mtoto wa miaka miwili hatafurahi, mchanga humwingia mtoto machoni. Wakati huo Kendwa, iliyoelekea magharibi, huwa shwari, na kina chake ni kirefu karibu na ufukwe hata maji yanapopwa. Wakati wa kaskazi, Nungwi na Matemwe ndizo zinazopokea upepo, na ghuba ya Menai kusini-magharibi, kuanzia Fumba hadi Kizimkazi, hutulia. Kwa hiyo mimi humwambia mtu wa Julai alale kaskazini-magharibi, na mtu wa Januari asiogope kusini. Anayetaka kuona papa potwe, yule samaki mkubwa mpole, aache Unguja kabisa aende kisiwa cha Mafia kati ya Novemba na Februari, wanapokusanyika karibu na Kilindoni.

Safari ya tanga nayo ina taratibu zake. Ngalawa ni mtumbwi uliochongwa kwenye gogo moja, mara nyingi la mwembe, wenye mirengu pande mbili usipinduke, na tanga moja la pembetatu kwenye foramali, ule mti unaolibeba tanga. Upepo ukiwa nyuma au ubavuni, huenda kwa raha ambayo sijaipata kwenye chombo kingine chochote: hakuna mlio wa mashine, ni maji tu yanayosuguana na ubao. Lakini tanga hilo kulipeleka kinyume na upepo ni kazi. Chombo hakiwezi kuelekea moja kwa moja upepo unakotoka. Lazima kipige bisho, kwenda mshazari huku kisha kule. Na kila inapobidi kugeuza, baharia hukimbilia omoni, mbele ya chombo, hufungua kamba ya joshi inayolishika tanga upande huo, na kulizungusha tanga lote na foramali yake hadi upande wa pili wa mlingoti, huku nahodha ameshika usukani nyuma, tezini, na watu wote wameinamisha vichwa. Kwenda kwa dakika 20 kunaweza kuwa kurudi kwa saa moja na nusu. Watoto hulia, jua huunguza, na maji ya kunywa huisha.

Basi mwulize nahodha mapema, kwa adabu, kama mtu anayejifunza: "Mzee, kurudi upepo utakuwa wapi?" Nahodha mzuri hupenda swali hilo. Atakwambia twende joshi, kuukabili upepo, kwanza tukiwa na nguvu, turudi na upepo mgongoni, au atakwambia leo bora tubebe mashine. Uliza pia jaketi okozi ziko ngapi, na ziwe za saizi ya watoto, na uzione kwa macho yako. Hapa sina mzaha. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, siku ya kusi kali, na watu wengi walikufa. Hiyo ilikuwa meli, siyo ngalawa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa tahadhari ya upepo na mawimbi, ahirisha, hata kama umeshalipa. Nahodha akisema leo hatutoki, mshukuru, na usitafute mwingine atakayekubali.

Tuseme unazo siku saba, na umezipanga kuanzia mwezi kumi na tatu, msimu wa Septemba. Siku ya kwanza fika Mji Mkongwe, pumzika, kula Forodhani. Mwezi kumi na nne maji yanapwa kama saa nne asubuhi, na huo ndio wakati wa fungu la Nakupenda, ambalo huibuka maji yakipwa na humezwa yakijaa. Ondoka mapema, pitia kisiwa cha Changuu kuwaona wale kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, kisha fika funguni mchanga ukiwa mpana. Ukienda jioni ya siku hiyo hutakuta pa kutandika mkeka. Mwezi kumi na tano hamia mashariki, njiani upitie msitu wa Jozani kuwaona kima punju. Kumi na sita na kumi na saba, asubuhi ni za mwani na vidimbwi, mchana lala, saa tisa ngalawa, jioni watoto waoge maji yakiwa mlangoni. Kumi na nane na kumi na tisa maji yameshachelewa: yanajaa asubuhi kwenye saa moja, yanapwa mchana. Amka mapema uogelee kabla ya chai. Mchana utakaobaki nenda kijijini ukale wali wa nazi na pweza, na ukitoka ufukweni jifunge kanga au vaa shati, maana pale kuna msikiti, kuna madrasa, na watu wako nyumbani kwao.

Usiku wa mwisho lala mjini. Ukibaki mashariki hadi asubuhi ya feri, gari likiharibika au upepo ukibadili ratiba, utakuwa unakimbizana na chombo. Mimi huacha pia siku moja tupu katikati ya wiki, isiyo na jina wala malipo, kwa ajili ya siku ambayo nahodha atakataa kutoka. Mara nyingi haikutumika kwa hilo. Mwaka jana tuliitumia Jambiani, kwa yule yule mzee; alikuwa anaipaka ngalawa yake sifa, yale mafuta ya papa, na wanangu walishinda naye hadi maji yalipokuja kuinyanyua.