Kutoka Daftari hadi Programu: Jinsi Kampuni ya Kompyuta Inavyozaliwa

Mtu asafiriye kutoka Moshi kuelekea mashariki hufika Himo, mahali ambapo njia huachana. Moja hupanda kwenda Marangu, nyingine huelekea Mwanga na Same, na ya tatu hushika tambarare kavu hadi Holili, kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya. Zamani dereva wa lori alipaswa kupeleka hati zake upande wa Holili, kisha azipeleke tena upande wa Taveta. Mwaka 2016 ulizinduliwa utaratibu wa kituo kimoja: aendaye Kenya hukutana na maofisa wa nchi zote mbili Taveta, na ajaye Tanzania hukutana nao Holili. Apitaye hapo huona jengo, kizuizi, na watu wenye mafaili mikononi. Asichokiona ni programu ya kompyuta inayopokea maelezo ya mzigo, kukokotoa ushuru na kuwaarifu wahusika. Nayo hufanya kazi kubwa kuliko jengo lenyewe.

Programu ya namna hiyo haioti kama mbuyu. Wapo watu walioitunga. Kwa miaka mingi forodha ya Tanzania ilitumia mfumo ulioitwa ASYCUDA, uliotungwa na UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa chenye makao yake Geneva. Baadaye ukaja mfumo wa TANCIS, uliojengwa kwa kufuata uzoefu wa Korea Kusini. Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilianza mwaka 2005 kutumia mfumo uliopewa jina la Simba, ambao chimbuko lake lilikuwa Senegal. Huu wa mwisho nimeutaja kwa makusudi, kwa kuwa wanafunzi wetu aghalabu hudhani kwamba programu, kama injini za ndege, ni kitu ambacho hakiwezi kutoka katika mikono ya Mwafrika.

Hivi karibuni nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja isiyo mbali na mpaka huo. Nilipomaliza, kijana mmoja alisimama, akaniamkia, akauliza: "Mwalimu, mtu ambaye kwao wanauza ndizi, na shuleni kwake kuna kompyuta nne ambazo mbili ni mbovu, anaanzaje kampuni ya programu?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana nilitambua kwamba sikuwa na jibu lililo tayari. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Bidhaa isiyokwisha ghalani

Hatuna budi kwanza kuelewana juu ya bidhaa yenyewe. (Wako waandikao ngamizi, na wengine tarakilishi, mimi nitasema kompyuta, kwa kuwa ndilo neno alilolitumia yule kijana.) Programu ni mfululizo wa maagizo yanayoielekeza mashine hatua kwa hatua. Seremala akitengeneza meza hutumia mbao, misumari na siku mbili za kazi. Akitaka meza ya pili atahitaji mbao nyingine, misumari mingine na siku mbili nyingine. Mtungaji wa programu huweza kutumia mwaka mzima kwa programu ya kwanza, lakini nakala ya pili humgharimu dakika chache tu.

Hapo ndipo penye faida ya biashara hii, na ndipo penye mtego wake pia. Nakala ya pili huwa na thamani ikiwa tu mteja wa pili anaweza kuitumia. Kama kila mteja anataka programu itungwe upya kwa ajili yake, mtungaji amerudi kuwa seremala, tena seremala asiyebakiwa hata na vipande vya mbao vya kuuza. Vijana wengi waliosoma fani hii, hapa kwetu na kwingineko, huishi maisha hayo ya useremala. Wana kazi, lakini hawana kampuni.

Kijana wa Gujarat mjini Nairobi

Mfano mmoja ulio karibu nasi ni wa Kamal Budhabhatti. Huyu alizaliwa India, katika jimbo la Gujarat, akafika Kenya katika miaka ya 1990 akiwa mwajiriwa mdogo, mgeni asiye na jamaa wenye nguvu. Kwa maelezo yake mwenyewe, ambayo ameyatoa kwa waandishi wa habari mara nyingi, alikuwa akitunga programu kwa ajili ya benki baada ya saa za kazi. Mwajiri wake alipogundua jambo hilo, kijana akafukuzwa nchini, akarudishwa kwao India. Wengi wangeona kwamba hadithi imekwisha. Yeye alirudi Nairobi, na katika miaka iliyopakana na mwisho wa karne akaanzisha kampuni iitwayo Craft Silicon.

Bidhaa iliyoipa kampuni hiyo jina ni programu ya shughuli za benki, Bankers Realm, ambayo ilitumiwa na mabenki, na hasa na taasisi zinazowakopesha watu wa kipato kidogo. Katika muongo wa pili wa karne hii magazeti ya biashara yaliiandika kampuni hiyo kuwa na wateja zaidi ya 200, wengi wao nje ya Kenya. Mwaka 2016, kwa kushirikiana na Safaricom, ilianzisha huduma ya kuita teksi kwa simu iliyoitwa Little. Kwa upande mwingine ilitengeneza basi lenye kompyuta zinazopata umeme wa jua, likawa darasa la kutembea kwa vijana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi.

Jambo linalonivutia katika habari hii si kufukuzwa wala kurudi, ijapokuwa ndiko magazeti yanakopenda kukaa. Linalonivutia ni uchaguzi wa bidhaa. Budhabhatti hakubuni jambo ambalo dunia ilikuwa haijalisikia. Benki zote hufanya mambo yaleyale: hufungua akaunti, hupokea amana, hukopesha, hutoza riba, hufunga hesabu jioni. Lakini kila moja hufanya mambo hayo kwa namna yake. Aliyeweza kutenganisha yaliyo sawa na yanayotofautiana ndiye aliyepata kuuza nakala ya pili.

Hesabu ya mkopo mmoja

Naomba msomaji achukue kalamu. Tuseme chama cha kuweka na kukopa kimemkopesha mwanachama shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kila mwezi mwanachama hurejesha shilingi 100,000 za mkopo, pamoja na riba.

Chama cha kwanza hutoza riba juu ya mkopo wote wa awali, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Riba ya kila mwezi ni shilingi 24,000, na kwa mwaka ni 288,000. Chama cha pili hutoza riba juu ya salio tu. Mwezi wa kwanza salio ni 1,200,000, wa pili 1,100,000, hivyo hivyo hadi mwezi wa 12 ambapo limebaki 100,000. Jumla ya masalio hayo ni 7,800,000, na asilimia 2 yake ni shilingi 156,000. Mkopo ni uleule na asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 132,000. (Walimu wa hisabati wanaweza kuitumia hesabu hii wanapofundisha mfuatano wa tofauti sawa, na pengine wanafunzi wakaipeleka nyumbani, kwa faida ya wazazi.)

Sasa, mtungaji asiye na uzoefu akiombwa programu na chama cha kwanza ataandika ndani ya maagizo yake: zidisha mkopo wa awali kwa 0.02. Chama kikiitisha mkutano mkuu na kubadili riba kuwa asilimia 1.5, hana budi kufumua programu. Chama cha pili kikija, hana budi kuifumua tena. Mtungaji mwenye busara haandiki 0.02 popote ndani ya maagizo. Huandika: tazama katika jedwali la vigezo ujue asilimia ni ngapi, na ujue kama inatozwa juu ya mkopo wa awali au juu ya salio. Jedwali hilo hujazwa na mteja mwenyewe. Programu inabaki moja. Majedwali ni mengi.

Wazo hili ni jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza, kwani ugumu hauko katika kompyuta. Uko katika kujua ni mambo gani yatabadilika. Hilo halipatikani katika kitabu cha lugha za kompyuta. Hupatikana kwa kukaa na mtunza hazina na kuuliza maswali mpaka achoke.

Mtaji ni kiasi gani?

Kuhusu fedha nitasema machache. Kampuni ya Infosys, ambayo leo ni miongoni mwa kampuni kubwa za programu za India, ilianzishwa Pune mwaka 1981 na wahandisi saba kwa rupia 10,000, ambazo mmoja wao, Narayana Murthy, mtoto wa mwalimu, alikopeshwa na mkewe Sudha. Miaka ile kupata kibali cha kuingiza kompyuta India kulihitaji subira ya muda mrefu, hata kampuni ilianza kazi ikiwa haina kompyuta yake yenyewe.

Sisi tulifunga mlango kabisa. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali katika mashine halikufaulu, gharama za wataalamu wa kigeni zikawa nzito, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo, mpaka ikaondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sipendi kuwalaumu wazee wetu. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na hasara waliyoipata ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, mashine ndiyo iliyoadhibiwa kwa kosa la mipango, na kizazi kizima cha wahasibu wetu kilistaafu bila kuulizwa kazi yao ingeelezwaje kwa kompyuta. Naamini hiyo ni hasara kubwa kuliko zile mashine zenyewe.

Nayasema haya nikijua kwamba kosa hilo nami nimelifanya. Niliporejea kutoka Ulaya na shahada ya uzamivu, nilitunga programu kwa ajili ya chama kimoja cha kuweka na kukopa katika vijiji vya kahawa vya mkoa huu. Hesabu zake zilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho. Mwezi wa pili ikachapa orodha ya wadaiwa sugu, na karibu nusu ya wanachama walikuwamo. Mtunza hazina, mama mmoja aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, aliisoma orodha hiyo polepole, akavua miwani, akasema: "Mwanangu, hawa si wadaiwa sugu. Hawa wanangoja kahawa."

Alikuwa na haki. Tangu enzi za kuanzishwa kwa KNCU, mwaka 1933, mkulima wa kahawa katika milima hii amezoea kulipwa kwa awamu: malipo ya kwanza anapopeleka kahawa, na mengine baada ya mauzo. Marejesho ya mikopo yalifuata kalenda hiyo, nayo ilikuwa imeandikwa katika daftari la yule mama kwa alama za kalamu nyekundu ambazo mimi, daktari wa falsafa, sikuuliza maana yake. Siku 30 nilikuwa nimezichimbia ndani ya maagizo. Chama kilirudi kwenye daftari, na programu yangu ikabaki na mteja mmoja, ambaye ni mimi.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana ni kwamba kompyuta mbili nzima zinatosha kujifunzia kutunga. Kilicho adimu ni ujuzi wa kazi za watu: namna wakala wa forodha wa Holili anavyopanga hati zake, namna soko la Himo linavyokopeshana. Moshi tuna chuo cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1963 na kufanywa chuo kikuu mwaka 2014. Ujuzi wa madaftari umejaa humo, na umejaa zaidi vijijini. Lazima auendee.

Nilimwambia hivyo kwa ufupi siku ileile, tukiwa nje ya darasa. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa mkobani daftari la shangazi yake, ambaye huuza ndizi Taveta na kulipwa mara kwa shilingi za Kenya, mara kwa shilingi za Tanzania. Kijana ndiye anayemwandikia. Nikaona kwamba kiwango cha kubadilisha fedha hakukirudia kwenye kila mstari. Alikuwa amekiandika mara moja tu, juu ya ukurasa, na mistari yote ikakitazama hapo. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema hakuna, alichoka tu kufuta.

"Lakini kuna shida moja, mwalimu," akaongeza. "Kiwango kikibadilika mchana, nikikifuta pale juu, mauzo ya asubuhi nayo yanabadilika. Nifanyeje?"

Tuliketi juu ya ukingo wa baraza, tukafungua ukurasa mpya.